Mandolini Niliyoifukiza

Miza alizikwa Makunduchi siku ya Jumatano, na mimi habari ilinifika Alkhamisi, maziko yameshapita. Nikaenda kwenye hitima. Nilikaa ukumbini na wanawake wenzangu, nikasoma yasini yangu, nikala wali wangu, na nilipokuwa najifunga buibui niondoke, binti yake akanishika mkono akanivuta chumbani. Anaitwa Mashavu. Ni mtu mzima, ana wajukuu, lakini shikamoo aliyonipa ilikuwa ya mtoto aliyelelewa. Akafungua kasha, akatoa kitu kimezongwa kanga kuukuu, akakizongoa juu ya kitanda. Mandolini. Uso wake umeachana na mbavu upande mmoja kama kopo lililofunguliwa vibaya, shingo imeinama mbele, na katika nyuzi zake umebaki mmoja tu, nao umeshika kutu. "Bi Raya," akaniambia, "wewe ulikuwemo mle nyumbani mjini. Mama yangu kaachwa kwa sababu ya hii. Nambie, nani aliivunja?"

Niliivunja mimi. Naliandika mwanzo ili asiwepo atakayesoma huku akinihurumia kwa bahati mbaya. Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka sitini. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimekwenda Makka nalo na nimerudi nalo. Liko nililolifanya kwa kutojua, na hilo Mungu ni mwingi wa kusamehe. Liko na nililolifanya kwa kujua, akili zangu timamu, na hilo ndilo lililonikalia kifuani pale chumbani kwa Mashavu, nikawa naiangalia mandolini kama mtu anayeangalia jina lake limeandikwa ukutani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla siasa haijawafanya watu wasisalimiane. Nyumba ilikuwa Kiponda. Chini kabisa palikuwa na duka la mshoni wa Kigoa, Bwana Kaitano. Ghorofa ya kwanza alipanga Sudi na mkewe Miza, na ghorofa ya juu tulikaa mimi na Shangazi Salma. Jiko lilikuwa darini, la wote. Katikati ya nyumba palikuwa na uwazi kama kisima, vyumba vyote vikitazama humo, kwa hivyo mtu akikohoa chini, wa juu anamwombea afya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nshakuwa mwali, na mwali wa wakati ule alikuwa hatoki. Nikikaa kwenye ukingo wa uwazi ule nashona kofia, kitundu kimoja baada ya kingine, toka asubuhi mpaka maghribi, na dunia yote niliyokuwa nayo ni ile iliyopanda kutoka chini: cherehani ya Kaitano, harufu ya vitunguu, maneno ya watu, na mandolini ya Sudi.

Sudi alikuwa fundi saa. Alikuwa na kibanda chake Darajani, na kutwa anaishi na kioo jichoni na vigurudumu vidogo kuliko chawa. Vidole vile vile alasiri vilishika mandolini. Alianza kwa saa ya ukutani ya Kaitano, aliyopewa kuitengeneza. Siku ya kuirudisha akaiona mandolini ya marehemu kaka yake Kaitano imelazwa juu ya kabati, akaomba aiguse, na hakuiachia tena. Kaitano alimpa. "Mimi nashona tu," alisema, "nayo pale juu inaliwa na vumbi." Sudi akaingia kwenye kikundi cha taarabu, wakamweka nyuma ya fidla na nyuma ya ganuni, mahali ambapo huonekani wala husikiki. Watu walikwenda kumsikiliza mwimbaji. Mandolini ilikuwa kama chumvi, wanaikumbuka ikikosekana. Miaka mitatu alikaa pale nyuma wala hakulalamika, lakini mimi niliyekuwa namsikia kila alasiri peke yake nilijua anachoweza, nikajiona kama kwamba ninaye mimi tu.

Jumapili moja Kaitano alirudi kutoka kanisani akapanda ngazi na gramafoni yake mkononi na santuri kwapani. Ndugu yake mwingine aliyekuwa mpishi wa melini ndiye aliyemletea, kutoka Brazili. Wakaja wakakaa sebuleni kwa Sudi, mlango wazi, nami ukingoni kwangu nimeacha sindano. Kaitano akasoma kile kikaratasi cha katikati, maana Kireno ndicho alichosalia kanisani, akasema, "Ngoma yao hii wanaiita kilio."

Miza alikuwa anapita na sinia la chai. "Kilio? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Bi Miza. Ndiyo jina lake tu."

Wakaipiga. Ilikuwa mandolini peke yake mbele, na wengine wote nyuma yake wanaikimbilia, na yenyewe inaruka, inazunguka, inajificha, inatokea mlango mwingine. Nilikuwa sijasikia kitu kama kile. Ilipokwisha, Miza akasema, "Haya, kama huku ndiko kulia kwao, wakicheka inakuwaje?" Sudi akacheka mpaka chai ikammwagikia kanzu. Kaitano akacheka, na hata Shangazi Salma, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, nilimsikia kicheko kikimtoka puani. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto mbaya, na ubaya wangu ulianzia pale, kwamba Miza ndiye aliyemchekesha Sudi.

Miza alikuwa mtu wa Makunduchi, na sisi wa mjini tulikuwa na midomo. Akisema neno la kwao, Shangazi analirudia juu kwa kulivuta, nami nacheka. Alipika muhogo wa nazi akatuletea bakuli kila mara, na Shangazi akilipokea kwa "ahsante sana Bi Miza," mlango ukifungwa anasema, "Watu wa shamba na mihogo yao." Bakuli tulikuwa tunalilamba. Mimi sikumwita Bi Miza ila mbele ya watu. Nikiwa peke yangu nilimwita "yule," na yeye hakuwa amenizidi zaidi ya miaka sita, naye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele Shangazi akiumwa mikono.

Sasa kulikuwa na mambo ya kiti. Chumbani mwao kiti cha maana kilikuwa kimoja, cha mvule, na Sudi alikuwa akiilaza mandolini juu yake, imefunikwa kitambaa cha hariri alichopewa na Kaitano. Wageni wakikaa kwenye mkeka, yeye mkeka, mkewe mkeka. Miza akisema, "Mandolini yako ina kiti, na mimi niliyeolewa kwa mahari nakaa chini. Siku moja nitaikalia, wallahi!" Naye Sudi anajibu, "Ikalie tukuone." Na wote wawili wanacheka. Ulikuwa mchezo wao. Niliusikia mara kumi, mara ishirini, nami nilijua ni mchezo, kwa sababu baada yake kulikuwa na kunyamaza kwa namna ambayo mwali hapaswi kukusikiliza. Lakini Shangazi hakuusikia hivyo. "Sikiliza huyo," alikuwa akiniambia, "ipo siku ataivunja kweli." Na mimi sikuwa nikimwambia, "Shangazi, wanataniana." Nilikuwa naitikia, "Naam."

Miezi mingi Sudi alihangaika na ile ngoma ya Brazili. Kwanza aliifuata kama ilivyo, kisha akaanza kuipotosha makusudi, akaitia maqamu, mahadhi ya kwetu, mpaka ikawa si ya wale wala si ya taarabu tuliyoizoea. Akaiita Kilio. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kukimbia, watoto wa uchochoroni walikuwa wakiipiga mluzi. Nusu ya pili ilimtatiza. Ikaja ikapatikana wiki ile Miza alipokwenda kwao Makunduchi kwenye sherehe za mwaka. Siku saba Sudi alikula mikate ya kununua, na kila alasiri aliitafuta ile nusu, akaikuta siku ya sita. Ilikuwa taratibu, inashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa ukuta, halafu mwisho kabisa inarudi kile kicheko cha mwanzo lakini kidogo, kama kinatoka chumba cha pili. Mimi ndiye niliyeisikia. Kaitano alikuwa na cherehani yake, Shangazi alikuwa amelala. Niliihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu ya amma.

Miza alirudi, na siku mbili baadaye wakaja watu wa santuri kutoka Mombasa. Walikuwa wanasikiliza wapigaji katika nyumba moja Vuga, na wanaompenda wanamtia kwenye santuri pale pale. Sudi aliambiwa aje alasiri, peke yake, bila kikundi, na hiyo mandolini yake inayosemwa. Asubuhi hakwenda kibandani. Alikata kucha mara mbili. Miza akamfukizia kanzu kwa ubani, maana udi ulikuwa ghali na wao hawakuwa nao, na udi wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu, wa Shangazi, ndani ya kijaluba cha fedha chini ya mto wake. Kisha Miza akapanda darini kupika pweza wa nazi, chakula cha kumwombea mumewe heri. Sudi akaenda kusali adhuhuri na kunyolewa.

Shangazi akanituma chini nimchukulie tenga lake la kufukizia, lile la mianzi linalotandazwa nguo juu na chetezo kikawekwa chini yake. Miza alikuwa ameliazima. Nikaingia chumbani kwao. Kanzu nyeupe ilikuwa imetundikwa, inanukia, tenga liko wima, chetezo chini yake bado kina makaa. Na mandolini juu ya kiti chake, haina harufu yoyote ila ya mbao. Nikawaza, na kuwaza kwangu kulikuwa hivi: kanzu imefukizwa, kilemba kimefukizwa, kwetu hata mtungi wa maji hufukizwa, na hiki kinachokwenda kumpa mtu jina kinakwenda hivi hivi kama kuni? Yule hakujua kukiheshimu. Ningekiheshimu mimi. Nikapanda, nikafungua kijaluba cha Shangazi akiwa msalani, nikaiba kipande cha udi, nikashuka. Nikayapuliza makaa mpaka yakawa mekundu. Nikatia udi. Nikaitoa mandolini kwenye hariri yake, nikailaza juu ya tenga, uso chini, ili moshi uingie kwenye lile tundu lake na ikae na harufu tumboni. Nilitaka akiipiga mbele ya wale watu imnukie, ashangae, ajiulize ni nani.

"Raya!"

"Naam!"

"Tenga unalifuma au unalileta?"

Nikapanda kumwambia bado lina nguo. Akanipa ungo wa mchele nichambue. Nami sikuthubutu kusema nataka kushuka, kwa kuwa kijaluba kilikuwa hakijafungwa vizuri na nilitaka niwepo akikitazama. Nikachambua mchele wote. Niliposhuka, makaa yalikuwa yamekufa, na mandolini ilikuwa ya moto kama sahani iliyotoka kwenye mkaa. Kwa macho haikuwa na kitu. Nikaifunga hariri, nikailaza kwenye kiti, nikabeba tenga. Nilikuwa ngazi ya tatu niliposikia nyuma yangu, ndani ya kile kitambaa, mlio mmoja mkavu, ta!, kisha nyuzi zote zikaguna pamoja. Gundi ilikuwa imeyeyuka na nyuzi zilikuwa zimekazwa kwa safari. Haya ya gundi nimekuja kuyaelewa ukubwani. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu, kwamba imeharibika, na kwamba hakuna aliyeniona. Nikaendelea kupanda.

Sudi alirudi amenyolewa, anaimba kwa pua. Nilimsikia akivaa kanzu. Nilisikia kitambaa kikifunguliwa. Kule kuimba kukakatika, Shangazi akainua kichwa. Miza alikuwa anateremka kutoka darini na sufuria la pweza, akapita mbele yetu, akatuambia, "Njooni baadaye mle," akaendelea kushuka. Nikasogea ukingoni nikawaona wote wawili mlangoni pao.

"Umeikalia," Sudi akasema.

Miza akacheka. Hakuwa ameona kitu. Alidhani ni ule mchezo wao, siku ya furaha, mume anatania. Akacheka na sufuria lake mkononi, akasema, "Nimeikalia, na kesho nitailalia!" Na hapo ndipo Sudi alipoinyanyua akamwonyesha, na kile kicheko kilikuwa bado usoni mwa Miza, hakijapata pa kwenda.

Akaweka sufuria kwenye ngazi. Akaichukua mandolini akaisogeza usoni, karibu kabisa, akakaa nayo hivyo kidogo. Mimi nilidhani analia. Kisha akainua kichwa akatazama juu, kwenye ukingo wetu, akaniona. Nilikuwa nimeshika ungo. Tulitazamana. Akamgeukia mumewe akasema, "Si mimi, Sudi." Mara moja tu.

"Nilisema mimi," Shangazi Salma akasema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu. "Kila siku anaapa kuikalia. Mwenyezi Mungu shahidi, na mtoto huyu shahidi. Raya, hukumsikia?"

Hapa ndipo pale nilipopataja mwanzo. Kufukiza nilifukiza kwa ujinga. Lakini nilipoulizwa nilikuwa na neno moja la kusema, na ulimi ulikuwa kinywani. Nikasema, "Nilimsikia." Na si hofu ya bakora peke yake iliyonisemesha. Ilikuwepo, sikatai. Lakini chini ya hofu palikuwa na furaha, ndogo, baridi, naikumbuka mpaka leo ilipokaa. Kwamba yule atatoka.

Sudi alimwacha palepale, talaka tatu, mtu mpole aliyekuwa hawezi kuua kombamwiko kibandani kwake. "Na hilo lichukue," alimwambia, "likae nawe." Miza aliizonga mandolini kwa kanga aliyokuwa amejitanda, akavaa buibui lake, akashuka. Kaitano alisimamisha cherehani. Sudi alikwenda Vuga mikono mitupu akawaambia watu wa santuri wasimsubiri. Jioni yake Shangazi alinituma nikalichukue lile sufuria ngazini. "Chakula kisiharibike," alisema. Tukakaa kitako tukala. "Pweza laini huyu," Shangazi akasema. "Kwa pweza, mtu wa shamba hana mpinzani." Nilikula. Nililamba na vidole.

Mwaka haukwisha Sudi akahamia Mombasa. Huko alinunua mandolini nyingine, akatoka nyuma akakaa mbele, akapata jina, na santuri zake zikawa zinavuka kuja Unguja na kulia madukani Darajani, karibu na kile kibanda. Kila ilipokuja mpya Kaitano aliileta ngazini tuisikilize. Zilikuwa nzuri. Kilio haikuwemo hata katika moja. Siku moja nilimsikia Kaitano akimwambia mteja kwamba alimwandikia kuiuliza, na Sudi akamjibu kwamba ile ilibaki ndani ya ile nyingine. Hakuoa tena kwa muda mrefu. Hakuwahi kujua kama mimi nilikuwepo duniani, na hiyo ndiyo adhabu niliyoipata mapema. Amefia huko huko. Mimi niliolewa miaka michache baadaye. Na Miza, alipotoka mle, alikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo hajamwambia mtu. Nadhani yule pweza ndiye aliyekuwa wa kumwambia.

Basi Mashavu alikuwa ananingoja kitandani kwake, mkono juu ya mandolini. Nje wanawake walikuwa wanaosha sahani. Nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika, tenga, udi, mchele, na neno langu la ukingoni. Sikulia, kwa sababu kulia mbele yake kungekuwa kumwomba anibembeleze. Alinisikiliza hajanikatiza. Nilipokwisha akasema, "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua ni wewe. Nami nilijua, nilitaka uniambie mwenyewe. Alisema alipoinusa ilikuwa inanuka udi, na yeye hakuwa na udi. Kisha akakuona umesimama juu na ungo, umekuwa mweupe."

"Mbona hakusema? Angemwambia anuse tu!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo, tena si mara moja. Akaniambia, 'Mashavu, angeuamini udi, mimi asingeniamini. Sasa nikae na mume anayeamini udi?'" Akalainisha ile kanga kuukuu. "Na akasema, 'Yule msichana nikimtaja, shangazi yake atamchuna ngozi, na mimi nshaachwa.'"

Nilikaa. Miaka yote nilijiona nina siri, kumbe nilikuwa na fadhila ya mtu, nimeivaa bila kujua. Nikamwomba radhi. Nilimwambia mama yake ameshakwenda, simpati tena, lakini yeye yupo, naye alinyimwa baba.

"Baba nilimjua kwa redio," akasema. "Nguo za Idd alileta. Mwenyewe hakuja." Akanitazama usoni, na macho yalikuwa yale yale ya mama yake akitazama juu. "La mama, Bi Raya, kaondoka nalo, na naona hakuwa nalo tena. Langu mimi nimelisikia kinywani mwako sasa hivi. Usinitake nikujibu leo."

Nikamwambia ni haki yake. Nikashika fimbo yangu ninyanyuke. Akasema, "Ngoja. Mama alikuwa na nyimbo moja akiimba kwa pua akikuna nazi. Haina maneno. Inafika mahali inakatika, na yeye anaanza upya. Nikimuuliza mbele yake kuna nini, anasema, 'Iliyobaki alinipigia mara moja tu, sikuiwahi.'" Akaiimba. Kilio, nusu ya kwanza, ile ya kukimbia, kwa sauti ya mwanamke wa Makunduchi aliyeipokea kwa mwanamke wa Makunduchi. Yule niliyemsema hajui kuiheshimu.

Ilipofika pale inapokatika, akaningoja.

Mimi sina sauti, na meno sina. Nikafumba macho nikaishuka ile ngazi, taratibu, kitundu kimoja baada ya kingine, mpaka chini kabisa, mpaka kwenye kile kicheko kidogo cha chumba cha pili. Nilipofumbua macho Mashavu hakuwa amelia wala hakuwa amecheka. Alikuwa amekaza uso kama mtu anayehesabu.

"Rudia," akasema.